Menyu ya kuwasha kompyuta ikipotea, vitu vya familia vingali ndani

Neno "kufomati" limekuwa jepesi mno katika kinywa cha mafundi wa kompyuta wa miji ya mashariki. Mtu analeta mashine yake kwa sababu haionyeshi tena menyu ya kuwashia, ile orodha yenye kumwuliza kama anataka kuingia Windows ama Ubuntu. Fundi anaiwasha mara moja, anatikisa kichwa, anasema mfumo umekufa, inaomba kufomatiwa. Jioni mashine inarudi ikiwa safi kama siku ilipotoka kiwandani. Safi kweli: hakuna barua, hakuna picha, hakuna bulletini za watoto, hakuna hata faili moja ya dosie iliyotayarishwa kwa miezi.

Kwa mkaaji ambaye hajahama kwake, hiyo ni hasara ya kuumiza kichwa. Karatasi ziko ndani ya sanduku, anaweza kwenda kuzipiga kopi tena. Kwa familia iliyotoka Masisi, Rutshuru ama Kalehe na mfuko mmoja mgongoni, mara nyingi hiyo kompyuta ndiyo sanduku lenyewe. Mle ndani iko kopi ya kadi ya mpiga kura, ambayo nchini Kongo inashika nafasi ya kitambulisho. Iko picha ya hati ya kiwanja, diploma ya serikali ya mtoto mkubwa, cheti cha kuzaliwa cha mdogo, na picha za nyumba ambayo leo haijulikani kama bado ina paa. Watu wa Goma waliokimbia Nyiragongo mwezi wa Mei 2021, na wale waliotoka kambini mwanzoni mwa 2025, wanajua namna mtu anavyochagua vitu kwa dakika tano: mtoto, maji, simu, kompyuta kama ipo. Godoro linabaki. Karatasi nyingine zinabaki pia, kwa sababu mtu anajiambia kwamba kopi iko ndani ya mashine.

Ndiyo maana jambo hili, linaloonekana ni la wataalamu peke yao, linahusu kila nyumba. Menyu iliyopotea si vitu vilivyopotea. Fundi anayefuta diski kwa sababu ya menyu anabomoa nyumba kwa sababu ufunguo hauonekani, na mteja aliyezoea kuamini kila kinachosemwa mbele ya skrini nyeusi anamlipa kwa kazi hiyo.

Kompyuta yenye mifumo miwili ifikiriwe kama kiwanja kimoja chenye nyumba mbili na mlango mmoja wa barabarani. Mlangoni amekaa sentinele. Mgeni akifika, sentinele anamwuliza anaelekea nyumba gani. Sentinele huyo ni programu ndogo sana, na katika kompyuta nyingi zenye Linux jina lake ni GRUB. Akilala, ama akifukuzwa, ama akiwekwa mwingine mahali pake anayejua nyumba moja tu, mgeni ataona nyumba moja, na pengine hataona kitu. Nyumba ya pili haijaanguka. Vyombo vingali ndani, kitanda kingali kimetandikwa.

Tena sentinele huyo ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Katika mashine za zamani, zile zinazoitwa za BIOS, kila kitu kinaanzia katika baiti 512 za mwanzo wa diski. Barua fupi ya ukurasa mmoja inachukua nafasi kubwa kuliko hiyo. Katika mashine za miaka ya karibuni, zenye UEFI, masentinele wote wanakaa katika chumba kidogo cha diski ambacho Windows 10 kwa kawaida inakitengea megabaiti 100, na orodha ya nani atangulie imeandikwa katika kumbukumbu ya kadi mama yenyewe, nje ya diski. Kwa hiyo mara nyingi kilichoharibika ni mstari mmoja wa mpangilio. Diski ya gigabaiti 500 inafutwa kwa ajili ya mstari mmoja.

Kuna watakaouliza kwa nini mtu ajisumbue na mifumo miwili. Sababu zipo, na zinaongezeka. Wanafunzi wa informatiki wanahitaji Linux kwa masomo yao. Wenye vyumba vya kupiga chapa na fotokopi wamechoka na virusi vinavyohama kutoka kle moja ya USB kwenda nyingine. Na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, huku Windows 11 ikidai chipu ya usalama, TPM 2.0, pamoja na prosesa ambazo kompyuta nyingi za mitumba hazina. Mashine ya mwaka 2014 ama 2015 iliyonunuliwa kwa taabu haiwezi kutupwa kwa sababu kampuni iliyo mbali imesema muda wake umekwisha. Basi inawekewa Ubuntu ama Linux Mint pembeni, na Windows inaachwa kwa ajili ya programu ya hesabu ama ya uandishi ambayo ofisi inaidai. Ni uamuzi wa busara. Hilo jina Ubuntu, kwa msemaji wa Kinyarwanda ama Kirundi, halihitaji mkalimani: ni utu, ni ukarimu. Mfumo huo ulitoka mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 2004, kazi iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na unapatikana bila malipo.

Tatizo ni kwamba mifumo hii miwili haiheshimiani kila siku. Windows, inapowekwa upya, inajiona peke yake katika kiwanja. Inamweka sentinele wake mlangoni, naye hajui habari za Linux. Wakati mwingine hata sasisho kubwa linatosha kubadilisha orodha ya nani atangulie. Mwenye mashine anaamka asubuhi, kompyuta inaingia Windows moja kwa moja bila kuuliza, na anaamini kwamba Ubuntu na kila alichoandika humo vimekwenda. Havikwenda.

Kinyume chake kipo pia, na hicho kinawachanganya hata mafundi wazuri. Mwaka 2021 watengenezaji wa GRUB walitoa toleo la 2.06, na kwa sababu za usalama wakazima kile kiungo kinachozunguka ndani ya diski kutafuta mifumo mingine. Ubuntu 22.04, iliyotoka Aprili 2022, ilibeba badiliko hilo. Hapo menyu inaweza kuonyesha Ubuntu peke yake, Windows haimo. Ama haionekani kabisa, kwa sababu Ubuntu ikidhani iko peke yake inaificha menyu na kuwaka moja kwa moja. Hakuna kilichovunjika hapo. Mashine inafanya kile ilichoambiwa, na mtu aliyeiambia yuko mbali sana na Kivu.

Halafu ziko sababu za nyumbani. Umeme unakatika katikati ya sasisho, na batri ya mashine ilikufa zamani, basi GRUB inabaki imeandikwa nusu. Kibatri kidogo cha duara kilicho kwenye kadi mama kinaisha, saa inarudi nyuma miaka mingi, na mipangilio mingine inaweza kurudi ile ya kiwandani. Kijana anayetafuta nafasi ya kuweka filamu anaingia kwenye Windows, anaona kipande cha diski ambacho Windows haikitambui, anakifuta akidhani ni bure. Kesho yake skrini inaandika "grub rescue>" na kukaa kimya. Kwa huyo, Linux imekwenda kweli, lakini Windows yake iko salama, na kuifuta hiyo nayo ni kumwongezea msiba. Na kuna kosa la mafundi wenyewe ambalo halisemwi sana: mfumo mmoja kuwekwa kwa njia ya zamani ya BIOS na mwingine kwa njia ya UEFI juu ya mashine moja. Mifumo ya namna hiyo haitaonana katika menyu moja hata ikisukumwa namna gani. Ni kama mlango mmoja uko barabara ya juu na mwingine uko barabara ya chini.

Kabla ya kumpelekea fundi yeyote, kuna jambo moja ambalo hata mtoto wa sekondari anaweza kulifanya, na halifuti kitu. Mashine inazimwa kabisa. Inapowashwa, mtu anagongagonga kitufe kinachofungua orodha ya firmware yenyewe: F12 kwa Dell na kwa Lenovo nyingi, F9 kwa HP, Esc kwa ASUS nyingi. Kwa Acer ni F12 pia, ila mara nyingi inabidi kwanza kuiruhusu katika mipangilio. Orodha ikifunguka na kuonyesha "ubuntu" pamoja na "Windows Boot Manager", nusu ya hofu imekwisha: masentinele wote wawili wako, ni foleni tu iliyobadilika. Mtu anachagua anakotaka kwenda, anaingia, anakuta vitu vyake. Kisha anaweza kuingia katika mipangilio ya mashine na kumrudisha "ubuntu" mahali pa kwanza. Dakika kumi, bila mega hata moja ya intaneti.

Na kama mashine inaingia Ubuntu bila kuuliza? Wakati wa kuwasha, Esc inabonyezwa mara moja kwenye mashine ya UEFI, ama Shift inashikiliwa kwenye ile ya zamani, na menyu iliyofichwa inatokea. Ikitokea bila Windows ndani yake, dawa iko katika faili moja ndogo inayoitwa /etc/default/grub. Inafunguliwa kwa amri hii:

sudo nano /etc/default/grub

Humo mtu anaandika, ama anarekebisha, mistari mitatu:

GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu
GRUB_TIMEOUT=10
GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

Anahifadhi, anatoka, kisha anaandika:

sudo update-grub

Skrini itaorodhesha inachokiona. Jina la Windows likitajwa katika orodha hiyo, kazi imekwisha. Sekunde kumi ni za kutosha kwa mtu mzima kusoma na kuchagua. Sifuri, ambayo ndiyo Ubuntu inaweka yenyewe, haimpi mtu nafasi hata ya kuvuta pumzi. Kama Windows haikutajwa, mara nyingi sababu ni mojawapo ya mbili: ama hilo kosa la njia mbili tofauti za usakinishaji, ama diski ya Windows haikufungwa vizuri. Windows ina tabia ya kulala badala ya kuzimika, inaiita kuanza kwa haraka. Ikilala hivyo, Linux inakuta mlango wa diski yake umefungwa nusu: inaweza kukataa kuufungua, ama ikasoma bila kuandika. Amri powercfg /h off, ikiandikwa ndani ya Windows na mwenye mamlaka juu ya mashine, inaondoa tabia hiyo.

Kinachobaki ni hali ambayo Ubuntu haiingiliki kwa njia yoyote. Hapo inahitajika kle ya USB yenye Ubuntu ndani yake, ile ambayo kompyuta inaweza kuwaka nayo bila kugusa diski. Mtu anachagua kujaribu, hachagui kusakinisha. Tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti ya kupata na kupoteza, na fundi mwenye haraka anaweza kuikosea. Akishaingia, jambo la kwanza lisiwe kutengeneza chochote. Afungue kidirisha cha faili, abonyeze diski ya mashine, aangalie. Karibu kila mara vitu viko pale pale: picha, dosie, bulletini. Vinakopiwa kwenye kle nyingine ama kwenye diski ya nje. Baada ya hapo tu ndipo kazi ya kumrudisha sentinele inaanza, kwa programu ya Boot-Repair ambayo inafanya mengi yenyewe, ama kwa amri za grub-install na update-grub kwa anayezijua. Sasa fundi akikosea, anakosea juu ya mashine. Familia imeshashika vitu vyake mkononi.

Jambo dogo linalowakwamisha watu huku, na ambalo maelezo ya Kiingereza hayalitaji kwa kuwa hayakuandikwa kwa ajili ya watu wa huku: kibodi. Mashine nyingi za Kongo zina kibodi ya Kifaransa, ambayo herufi zake zinaanza A, Z, E, R, T, Y. GRUB inapoandika "grub>" na kungoja amri, kwa kawaida yenyewe inasoma kibodi ya Kiingereza. Mtu anabonyeza A, skrini inaandika Q. Anatafuta M, inatoka alama nyingine. Anaamini mashine imeingiwa na wazimu. Bahati nzuri herufi za neno exit ziko mahali pamoja katika kibodi zote mbili, na neno hilo, likiandikwa mbele ya "grub>" kwenye mashine ya UEFI, mara nyingi linamtoa mtu humo na kumruhusu mfumo mwingine kuwaka.

Lazima kusemwa pia kwamba lawama zote si za mafundi wa mtaani. Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft ilisambaza sasisho la usalama lililokusudiwa kuzuia matoleo ya zamani ya programu za kuwashia Linux yenye udhaifu. Kampuni ilikuwa imesema mashine zenye mifumo miwili hazitaguswa. Ziliguswa. Watu katika nchi nyingi waliwasha kompyuta zao na kukuta maandishi ya Kiingereza yenye herufi SBAT, yakisema kwamba kuna jambo limeharibika vibaya sana, kisha mashine inazimika. Mtu akisoma maneno ya namna hiyo, amesimama ndani ya chumba cha kupanga chenye balbu moja, atamwamini yeyote atakayemwambia kwamba diski imekufa. Kumbe diski ilikuwa nzima. Dawa ilikuwa kuzima Secure Boot katika mipangilio ya mashine, kuingia Linux, kuifuta ile sheria mpya kwa amri sudo mokutil --set-sbat-policy delete, kuwasha upya mara moja ili badiliko lishike, na kurudisha Secure Boot. Microsoft ilikubali tatizo hilo, na marekebisho kamili yakatoka katika masasisho ya Mei 2025, yaani miezi tisa baadaye. Miezi tisa ni mingi kwa mwanafunzi anayetakiwa kutoa kazi yake ya mwisho wa masomo.

Mafundi wana majibu yao, na yanastahili kusikilizwa. Wanasema mteja anataka mashine yake leo, si kesho. Wanasema malipo ni yale yale, atumie saa moja ama saa sita, na kuokoa faili kunahitaji diski ya pembeni, subira, na umeme usiokatika. Wanasema kufomati kuna uhakika: mashine itawaka, mteja hatarudi kulalamika. Hayo yote ni kweli. Wengi wao walijifunza kazi kwa kuangalia, bila shule na bila vifaa, na wanalisha nyumba kwa kazi hiyo. Hakuna wa kuwadharau.

Lakini uhakika huo ni uhakika wa fundi. Unalipwa na mteja kwa kitu ambacho hakuambiwa kwamba kiko hatarini. Fundi wa pikipiki hatupi mzigo wa abiria mtoni ili injini iwake. Daktari anayetaka kukata mguu anamwuliza mgonjwa kwanza. Sababu ya fundi wa kompyuta kufuta picha za marehemu bila kuuliza ni kwamba yeye hazioni. Mbele yake iko diski tu. Na mteja haulizi kwa sababu anaona aibu ya kutojua. Aibu hiyo iachwe nyumbani. Mama anayeuza unga anajua kumwuliza mpimaji kwa nini mizani imeinama. Mbele ya kompyuta ana haki hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kuacha mashine juu ya meza ya fundi, mwenye mali aseme kwa kinywa chake, mbele ya shahidi kama inawezekana, kwamba diski isifutwe bila ruhusa yake. Aulize kama fundi ana kle ya kuwashia, na amwombe amwonyeshe faili zake kwa macho kabla ya kazi nyingine yoyote. Fundi akisema haziwezi kuonekana, mashine ichukuliwe kwa fundi wa pili. Na kama familia haina njia ya kungoja, diski inaweza kuchomolewa na kuwekwa pembeni, kisha nyingine ya bei ndogo ikawekwa ndani ili kazi iendelee. Diski iliyochomolewa haili chakula. Itangoja hata mwaka mzima mpaka mtu anayejua apatikane, na kwa kasha dogo la USB itasomwa kama kle ya kawaida.

Je, kama ufutaji umeshafanyika? Basi mashine izimwe mara moja na isitumiwe tena, hata kwa kusikiliza muziki. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, kufomati kwa haraka kunafuta orodha ya vitu, vitu vyenyewe vinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Programu za bure za TestDisk na PhotoRec zinaweza kurudisha mengi, ingawa majina ya faili mara nyingi hupotea na mtu analazimika kufungua moja baada ya nyingine. Kwenye diski mpya za SSD matumaini ni madogo sana, kwa kuwa zenyewe hufagia mahali palipofutwa.

Swali la kle linabaki, na hapa wenye uwezo kidogo wanaweza kufanya kitu kikubwa. Faili ya Ubuntu 24.04 inakaribia gigabaiti 6. Kwa bei ya mega za simu, hakuna familia ya wakimbizi wa ndani itakayoipakua kwa ajili ya mashine moja. Lakini kle moja ya gigabaiti 8 ama 16, iliyotayarishwa mara moja mahali penye intaneti, inatosha kwa mtaa mzima kwa miaka. Ipo pia Super GRUB2 Disk, ambayo haifiki megabaiti 100 na kazi yake ni kutafuta mifumo iliyomo na kuiwasha hata kama sentinele wake hayupo. Vyumba vya kupiga chapa, ofisi za mashule, parokia, vilabu vya wanafunzi wa informatiki, na mashirika yanayoandikisha familia zilizohama, kila mmoja anaweza kuwa na kle hiyo ndani ya mtoto wa meza. Mashirika hayo yanadai kila siku kopi za vitambulisho na za vyeti. Yangeweza basi kusaidia kopi hizo zisifutwe.

Onyo moja tu kwa wale watakaojaribu wenyewe, na hasa kwa wenye mashine mpya. Kompyuta nyingi zenye Windows 11 hufunga diski kwa siri ya BitLocker bila mwenyewe kujua. Tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, usakinishaji mpya unaotumia akaunti ya Microsoft unaiwasha wenyewe katika mashine nyingi zaidi. Ni kinga nzuri mashine ikiibiwa njiani. Lakini mtu akigusa Secure Boot ama akibadilisha mpangilio wa kuwasha, Windows inaweza kusimama na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Asiye nao hataingia, na hapo hakuna fundi wala kle itakayomsaidia. Ufunguo huo unakaa katika akaunti ya Microsoft iliyotumiwa siku mashine ilipowekwa, na mara nyingi akaunti hiyo ni ya muuzaji, ama ya shemeji aliyebaki upande wa pili wa mstari wa vita. Utafutwe leo, mashine ikiwa bado inawaka na intaneti ikiwa bado inapita. Tarakimu zote 48 ziandikwe kwa kalamu, zisomwe mara mbili na watu wawili, na karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya mpiga kura, si ndani ya mfuko wa kompyuta.